Msemaji wa Mgonjwa

Nilimpiga Baba Mkubwa kwa chupa ya chai. Wako watu mjini hapa wanaosema nilimsukuma tu, na wengine wanasema chupa ilinitoka mkononi kwa bahati mbaya, wananisitiri. Siitaki sitara hiyo. Niliishika kwa mkono wa kulia, imejaa uji wa moto wa mwanangu, nikaizungusha nikampiga nayo begani, na kioo cha ndani kilipopasuka nilikisikia, na nilifurahi kukisikia. Uji ulimwagika kwenye kanzu ukamwingia kifuani. Kofia ikaanguka. Mzee wa miaka sabini na kitu alipiga ukelele mwembamba, akaweka kiganja ukutani asidondoke, na mimi nikaiinua chupa tena. Mlinzi akanidaka kiuno kwa nyuma. Nikamkanyaga kisigino, akaniachia, na kwa kuwa Baba Mkubwa alishakaa chini na sikuweza kumpiga mtu aliyekaa chini, niligeukia ukuta. Pale ukutani palikuwa na fremu kubwa ya kioo yenye picha za historia ya hospitali. Nikaipiga ngumi. Kioo kilinichana kuanzia kifundo hadi kidole gumba, na damu ikatapakaa juu ya madaktari wa zamani, mmoja baada ya mwingine.

Dakika chache kabla ya hapo nilikuwa mtu mstaarabu. Nilikuwa nimesimama kwenye korido hiyohiyo, mwanangu Zuwena, wa miaka mitano, amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, shavu la kushoto limefura mpaka jicho limesukumwa nje, na miguu yake haitikisiki. Daktari Shemhilu alimbonyeza nyayo kwa kalamu, akambonyeza tena, kisha akanigeukia kwa ukali. "Mama, mtoto huyu mlimficha wapi? Majibu yalitoka siku kumi na tisa zilizopita. Ni saratani ya taya. Uvimbe huu unakua kwa saa, haukui kwa miezi. Tulisema alazwe siku ileile!" Nikamwuliza mlimwambia nani. "Msemaji wenu," akasema. Msemaji gani? Akafungua faili akaniwekea kidole. *Msemaji wa mgonjwa: Mzee Bakari.* Nikageuka nyuma. Mzee Bakari, kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe wangu, aliyemlea mume wangu tangu utotoni, ambaye sisi sote tulimwita Baba Mkubwa, alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu na tasbihi yake. Hakusema si kweli. Alisema, "Mwanangu, nilikuwa nangoja wasaa mzuri."

Baba Mkubwa tulimzika mwezi uliopita. Matanga yalikuwa nyumbani kwake, na mimi kama mke wa mtoto wake nilikaa jikoni na wenzangu, sufuria mbili za pilau mekoni. Wanawake wa mtaani hawajui kunong'ona. Mmoja akasema marehemu alikuwa mtu wa sitara, hajawahi kumtoa mtu siri. Mwingine akamjibu, "Na huyu hapa ndiye aliyempiga, hospitalini, mbele za watu." Nikasema, "Ndiye. Nipitishie vitunguu." Wakacheka kwa woga, wakanipitishia. Zuwena alipita mlangoni na chuma chake mguuni, ana miaka tisa sasa, akaomba ukoko. Nilimpa. Nikaendelea kukata vitunguu na mkono wangu wenye kovu, na machozi yaliyonitoka kila mtu alijua ni ya vitunguu, ila mimi. Ndipo nilipoamua kuuandika mwaka ule, kabla watu hawajausitiri wote ukabaki hadithi ya mkamwana mwenye hasira na mzee mpole.

Hospitali yenyewe siitaji. Iko upande wa baharini, ukielekea Raskazone, na watu wa mji huiita Mionzini tu. Nimekaa ndani yake miezi kumi na moja, na historia yake naijua kuliko watu wanaolipwa kuijua, kwa sababu iliandikwa ukutani kwenye korido niliyopita kila siku na chupa ya uji. Wajerumani walioshuka kutoka Amani, kule walikokuwa wakichunguza miti na mbu, walijenga nyumba ile ya kuta nene ili wachunguze homa. Waingereza wakaja wakaigeuza. Daktari wao mmoja akagundua kwamba watoto wa ukanda huu, huku kwenye malaria, wanaota uvimbe kwenye taya, akaanza kwenda vijijini kuwatafuta. Baada ya uhuru nyumba ikawa ghala la chanjo, kisha ikaletwa mashine ya mionzi, kisha wakajengewa wodi. Mwisho wa korido kuna kabati la mitungi ya kioo. Ndani ya mitungi kuna vinyama vyeupe kama muhogo uliochemka, na vikaratasi vya manjano: *Moa, mwanamume, tumbo. Maramba, mtoto wa kike, taya.* Huyo wa Maramba hana jina. Nilisimama mbele yake siku nyingi. Hospitali hii iliujua ugonjwa wa mwanangu kabla bibi yangu hajazaliwa, na bado mimi nilikaa siku kumi na tisa nikimsukutua Zuwena kwa maji ya chumvi.

Kwenye ile fremu niliyoivunja kuna picha moja ambayo niliiona vizuri baadaye tu, waliporudisha kioo. Mzungu wa kofia ngumu ameketi mezani. Wanakijiji wamesimama foleni, wanawake na watoto migongoni. Lakini hawazungumzi na mzungu. Anayezungumza ni jumbe, ameketi kwenye kiti pembeni, mkono ameunyoosha. Chini wameandika: *Jumbe akiwasemea wagonjwa.* Mzungu hakujua lugha, na hakutaka kelele za wanawake, basi kwenye daftari lake akaweka safu moja kwa ajili ya mtu wa kusema. Wazungu wakaondoka. Majumbe wakaondoka. Madaktari wakawa watoto wetu wenyewe, wanaoongea Kiswahili kama sisi, na Kishambaa, na Kibondei. Safu ikabaki. Kila fomu mpya iliyochapwa iliinakili ile ya zamani, na hakuna mtu aliyeuliza safu hii ya nini.

Siku ya kwanza kabisa karani wa dirishani aliniuliza, kalamu ikiwa tayari, "Msemaji wa mgonjwa nani?" Nikasema mimi, mama yake. Akatazama nyuma yangu. "Mwanamume hamkuja naye?" Shabani, mume wangu, ni fundi wa kuchomelea vyuma na wiki zile alikuwa Maramba anatengeneza mageti ya shamba la mkonge. Baba Mkubwa, aliyehamia kwetu kwa muda Shabani akiwa safarini, akakohoa, akasogea. "Mie nipo." Karani akamwamkia shikamoo, akamwandika kwa mwandiko mzuri. Na mimi, kwa ujinga wangu, nilishukuru. Nilijiona mwenye bahati kuwa na mzee wa kusimama nami. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nikafaulu Kiswahili na Baiolojia, na nilisimama pale kama gunia lililoletwa na mwenyewe. Kisha wakamkata Zuwena kinyama kidogo mdomoni. Wauguzi wawili walimshika, mimi nikamshika kichwa, na Baba Mkubwa alitoka nje kwa sababu hakuweza kutazama.

Baadaye nilijua kwamba majibu yalitoka upesi, kwamba walimpigia simu, na kwamba alikwenda peke yake kwa bajaji akiwa na kanzu safi. Nyumbani alirudi na mkate wa kumimina wa Zuwena. Nikamwuliza, "Baba, wamesemaje?" Akasema, "Jino, mwanangu. Wanadhani jino. Majibu kamili bado. Msukutue kwa chumvi, umpe vitu laini." Aliyasema hayo akimkatia mtoto mkate vipande vidogo. Mimi kila baada ya siku moja nilikwenda dirishani. "Majibu ya Zuwena Shabani?" Karani: "Majibu hayatolewi dirishani, mama. Msemaji ataitwa." Nikamwuliza ataitwa lini. "Akiitwa utajua." Nikarudi. Nikaenda tena. "Akiitwa utajua." Jino la Zuwena likang'oka lenyewe kwenye bakuli la bada, ugali wa muhogo mkavu, jeupe juu ya ile bada nyeusi, akanionyesha huku anacheka, akifikiri amekuwa mkubwa. Jicho likaanza kutoka. Jirani akaniambia nimpeleke akaombewe. Nikamwambia majibu bado. Nilikuwa nangoja karatasi kama mtu mwenye akili zake, na karatasi ilikuwa mfukoni mwa kanzu iliyotundikwa chumba cha pili.

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa Zuwena aliniita kitandani. "Mama, miguu yangu imelala. Iamshe." Nikaipapasa. Nikaifinya. Nikaifinya kwa nguvu mpaka nikaacha alama za kucha, naye ananitazama tu, hasikii. Nikamfunga mgongoni kwa kanga kama kichanga, miguu inaning'inia, nikajaza uji kwenye chupa kwa mazoea tu, maana mtu akienda hospitali hubeba uji. Baba Mkubwa akanifuata na bajaji nyingine. Yaliyofuata nimeshayasema.

Mkono wangu ulishonwa chumba cha pembeni na Sista Rehema, muuguzi mnene mwenye sauti ya kiume, ambaye hakusubiri ganzi ikolee. "Tulia. Umevunja kioo cha serikali, halafu unalia sindano?" Nikamwambia silii sindano. Akashona mbili zaidi. "Hiyo ngumi ungeitunza," akasema. "Mbele huko utaihitaji." Alisema kweli. Saa ileile Zuwena alitundikiwa dripu, na siku ya pili wakaanza sindano ya mgongoni. Sijui niieleze vipi kwa mtu ambaye hajaiona. Mtoto hukunjwa kama jongoo, magoti kidevuni, mgongo nje, na asitikisike hata kidogo. Watu wanne walimshika Zuwena, wa nne ni mimi. Aliniuma mkono uleule ulioshonwa. Alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua. "Wewe si mama yangu! Mama yangu arudi!" Daktari Shemhilu, jasho linamtoka, anasema taratibu, taratibu, na mimi namkandamiza mwanangu kwa uzito wangu wote, goti langu kwenye mapaja yake ambayo hayasikii, na nafikiri: kumpenda mtoto huyu leo kumekuwa kumpiga mieleka. Dawa ile iliyeyusha uvimbe. Ndani ya wiki moja shavu lilikuwa limenywea. Ajabu yake ndiyo iliyonitia wazimu zaidi. Daktari alinikalisha akaniambia bila kupindisha, "Uvimbe utaondoka. Miguu siwezi kukuahidi. Saratani ilifika mgongoni, na mshipa wa mgongo umebanwa siku kadhaa. Angeanza wiki mbili kabla, nisingekuwa na maneno haya ya kukuambia."

Wodi ya watoto ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda kumi na viwili na madirisha ya Kijerumani marefu kupita mtu. Kitanda cha jirani alikuwa Neema, wa miaka saba, figo, na mama yake, Mlutheri kutoka milimani Lushoto, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kulima. Mama Neema ndiye aliyenifundisha kuishi pale. Alipika makande nyuma ya wodi, kwenye jiko la mkaa tuliloruhusiwa, akanipa nusu bila kuniuliza. Mimi nilimpikia mihogo ya nazi, akala akasema watu wa pwani mnaweka nazi hata kwenye kesi. Tulicheka sana. Watu hawaamini nikisema tulicheka, lakini wodi ya saratani ina vicheko vibaya, vya kucheka mpaka ubavu uume, kwa sababu mtoto ametapika kwenye kiatu cha daktari bingwa. Nilipewa kitanda namba sita na jina jipya: Mama Uji.

Shabani alifika siku ya tatu na vumbi la Maramba kwenye nyusi. Hakuuliza mtoto yuko wapi kwanza. Alikuja moja kwa moja akanizaba kofi, mbele ya wodi nzima. "Umempiga baba yangu!" Nikamrudishia. Sikutumia kofi. Nilimpiga kwa kitu kilichokuwa karibu, bakuli la bati, likamchana paji la uso. Mama Neema akaingia katikati na mwiko wake wa makande. "We baba, mwanao yule pale hana miguu, we unapigana na mwanamke? Nenda kamwone, ndipo urudi umuue mkeo." Shabani akatazama. Zuwena alikuwa ameamka, ana dripu mkononi, anatutazama kwa jicho lake zima. Akamwambia, "Baba, una damu." Mume wangu alipiga magoti pale sakafuni kati ya vitanda, akalia kwa sauti kubwa hadi watoto wengine wakaanza kulia, na Sista Rehema akatufukuza wote wawili nje tukaoshane nyuso bombani.

Lakini kuoshana nyuso hakukumaliza. Familia ilikaa. Waliamua nikamwombe radhi Baba Mkubwa nyumbani kwake, nipige magoti, au Shabani aandike talaka. Shangazi wa mume wangu alileta ujumbe huo kitandani, akiwa amejifunika ushungi hadi kwenye pua kama vile saratani inaambukiza. "Mkono unaompiga mzazi haubariki chakula," akaniambia. "Basi mwambie asile kwangu," nikamjibu. Akaondoka. Ila nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu mchana mmoja nilimwona Baba Mkubwa nje ya dirisha la wodi, amesimama juani upande wa mkunazi, shingo inazidi kurefuka, anatafuta kitanda cha mjukuu wake. Walinzi walikuwa wamemzuia kwa usalama wake, mimi nikiwa ndani. Nilimtazama bila yeye kuniona. Bega lake moja lilikuwa limeshuka.

Nilimkuta barazani kwake. Nikapiga magoti, nikasema, "Baba, kwa chupa ya chai naomba radhi. Kwa uji naomba radhi. Kwa hasira yangu siombi." Alizungusha tasbihi bila kuhesabu. Kisha akaniambia jambo ambalo Shabani mwenyewe hakulijua. Mkewe, aliyefariki zamani, aliugua titi. Walimpeleka Mionzini hukohuko. Daktari wa wakati ule akamwambia mwenyewe usoni, kwa kifupi, akaendelea na mgonjwa mwingine. "Toka siku ile hakula, mwanangu. Alilala akageukia ukuta. Ugonjwa ulikuwa bado mdogo, walisema unatibika. Hakufa na ugonjwa, alikufa na neno. Nikaapa hakuna mwanamke wa nyumba yangu atakayeambiwa neno lile tena mie nikiwa hai." Akafuta uso kwa ncha ya kilemba. "Waliponiita nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikaja ukiwa unaimba na mtoto. Nikasema kesho. Weye ulikuwa unaimba kila siku." Nilitaka kumpiga tena. Wallahi nilitaka. Na nilitaka pia kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo; nilirudi hospitali kwa miguu, njia nzima, ili uchovu uniue hasira. Haikufa. Ilihama tu. Nilianza kuona kwamba mzee alikosea kosa la mzee, kwa mapenzi na woga, na kosa kama hilo kila nyumba inalo. Ila kuna watu waliompa nafasi ya kulikosea, wenye vyeti ukutani, waliojua kuwa uvimbe unakua kwa saa, wakamwona anaondoka na kanzu yake safi, wakafunga faili wakangoja.

Niliwasikia kwa masikio yangu wakimzungumzia mwanangu. Madaktari wageni wa utafiti walipita wodini siku moja na Daktari Shemhilu, wakasimama nyuma ya pazia la kitanda changu. Mmoja akauliza kwa nini Zuwena hayumo kwenye utafiti wao. Shemhilu akasema alichelewa. "Hasara," yule akasema. "Angekuwa mfano mzuri sana." Nilitoka na beseni lenye matapishi ya asubuhi. Mama Neema aliniwahi, akanikumbatia na beseni langu hadi tukalowa wote wawili. "Acha," akaninong'oneza, "acha, watatufukuza, watoto watakosa dripu." Wageni wakaondoka hawajui walichokikwepa.

Kisha likaja la Neema. Ilikuwa asubuhi, saa nne, jua kali. Mama yake alikuwa nyuma ya wodi anafua mashuka ya mtoto, anaimba wimbo wa kanisani kwa Kishambaa. Neema akakata roho kimya, kama mtu aliyeweka kikombe chini. Wakavuta pazia. Wakamfunika. Nikangoja waende kumwita mama yake. Hawakwenda. Sista mmoja kijana akapiga simu, nikasikia, "Haloo, msemaji wa Neema?" Baba yake alikuwa milimani, shambani, mtandao unakatika. Akapiga tena. Akatugeukia sisi wa vitanda vya jirani akasema kwa upole, "Mama zangu, naomba msiseme kitu. Utaratibu ni aambiwe baba kwanza, yeye ndiye atakayemwambia." Saa tano ikafika. Wimbo bado unaimbwa nyuma ya dirisha. Saa sita. Akaingia mara moja kuchukua sabuni, akaona pazia, akauliza wanamfanya nini, sista akasema wanamsafisha. Akatoka. Akaendelea kufua mashuka ya maiti.

Nilitoka nikamfuata bombani. Nilisema, "Mama Neema, Neema amekufa. Saa nne. Wanamngoja mumeo ndipo wakwambie." Alinipiga. Mkono uliojaa povu, kofi moja lililonitoa hereni, kisha ngumi kifuani, kisha ngumi nyingine, na mimi nikasimama nikapigwa, kwa sababu nilijua anayepigwa si mimi, na pia kwa sababu ilikuwa haki yake kumpiga mtu, na hakukuwa na mwingine aliyejitokeza. Akapita mbio, akavuta lile pazia mpaka chuma chake kikang'oka ukutani kikaanguka na plasta. Alimbeba Neema akamweka mapajani na hakumwachia mtu yeyote hadi jioni, na hata Sista Rehema hakuthubutu. Kabla ya kuondoka na mwili alinitafuta. Midomo imemkauka. "Umefanya vizuri," akasema. "Masaa mawili yale nilikuwa naimba. Nani atanirudishia?"

Usiku huo sikulala, na asubuhi nikaomba karatasi. Niliandika barua saba. Ya kwanza ilikuwa matusi matupu, nikaipasua. Ya pili ilimlaani karani na kizazi chake. Ya tatu niliilia hadi wino ukasambaa. Shabani alizisoma moja moja, akiwa amekaa chini akinyoosha kile chuma cha mguu alichomtengenezea Zuwena mwenyewe, maana mguu wa kulia ulianza kuamka, wa kushoto ulikataa. Aliniambia, "Usimtaje Baba." Nikamwambia simtaji. Ya saba ndiyo niliyopeleka kwa afisa wa malalamiko, ghorofa ya pili, mwanamke aliyejipodoa vizuri, ambaye aliniita dada yangu. Aliisoma, akaiweka mezani, akalaza kiganja juu yake.

"Dada yangu, hili ni suala la kifamilia. Mzee wenu alificha majibu. Andika hivyo, jina lake tunalo, tutalifunga leo leo. Hata kioo ulichovunja tutasahau."

"Mzee wetu nimeshamalizana naye."

"Sasa unamlalamikia nani?"

"Safu."

"Safu gani?"

"Ya nne kutoka juu. Ichukue fomu uisome."

Aliichukua. Aliitazama muda mrefu, na nikaona kwamba na yeye aliwahi kuwa na mgonjwa mahali fulani, akaulizwa mwanamume hamkuja naye. Alichukua mhuri, akagonga nakala yangu kwa nguvu hadi kalamu zikaruka mezani, akanipa. Nakala hiyo ninayo. Hii hapa, neno kwa neno:

*Kwa Mkurugenzi. Mimi ni mama mzazi wa Zuwena Shabani, kitanda namba sita, wodi ya watoto. Nalalamika kama ifuatavyo. Majibu ya mwanangu yalitoka na sikuambiwa kwa siku kumi na tisa, ingawa nilifika dirishani kwenu kuyauliza kila baada ya siku moja. Mtoto aliingia hospitalini kwenu mara ya kwanza akitembea. Mara ya pili nilimbeba. Mama wa kitanda namba tano aliachwa anafua nguo kwa saa mbili wakati mtoto wake ameshakufa, kwa kuwa mumewe hakupatikana kwenye simu. Mlifuata utaratibu mara zote mbili, na utaratibu wenyewe ndio ninaoulalamikia. Mimi ndiye ninayemshika mtoto mnapomchoma. Mimi nafuta matapishi. Mkiniona nafaa kwa hayo, nafaa kuambiwa. Naomba safu ya msemaji iondolewe kwenye fomu zenu, na anayemshika mgonjwa aambiwe kwanza, siku hiyohiyo, kwa mdomo na kwa karatasi, akiwa amekalishwa kwenye kiti. Atakayelia alie. Jibu la barua hii msimpe mtu yeyote anifikishie, si mume wangu wala mzee wangu. Nipo wodini. Mje mnipe mkononi.*